NAMNA GANI NGUCHIRO WANALEA WATOTO WAO



Tangu mvua ianze, kundi la nguchiro linapita kila asubuhi katika bustani yetu ya maharagi. Safari hii wako na watoto. Wenzetu wengine wanasema: "Hawa ni wezi ya mayai, tuwapige mawe, tumalize!" Basi, kabla ya kuokota jiwe, tujue kwanza habari zao.

Hawa ni wale wenye mistari myeusi mgongoni, wanaoitwa kwa Kifaransa mangouste rayée. Wanaishi kwa kundi, mara nyingi wakubwa 10 mpaka 30, na wanapenda kulala ndani ya kichuguu. Tangu mwaka 1995 wataalamu wanafuata makundi yao kule Mweya, Uganda, kando ya Ziwa Edward ambalo sehemu yake kubwa iko kwetu Kongo. Kule nguchiro wanapita kati ya nyumba za watu, kwa hiyo ni rahisi kuwatazama.

Kwanza, kuzaliwa. Majike wengi wanachukua mimba pamoja, muda wa miezi 2 hivi, na mara nyingi wanazaa wote usiku mmoja. Watoto wanazaliwa macho yamefumba. Mama ananyonyesha hata watoto wa mwenzake. Kundi likienda kutafuta wadudu, wakubwa wachache, hata madume, wanabaki kulinda shimo. Siku ile hawali vizuri, wanakonda. Lakini wanabaki.

Pili, kutoka. Kisha mwezi mmoja hivi watoto wanaanza kufuata kundi. Hapo wengi wao wanashikamana kila mmoja na mkubwa wake. Mtoto analia-lia, mkubwa anachimbua mende ao jongoo na kumpa. Tai ao ndege marabu akitokea, ni yeye anayemlinda. Tena mkubwa huyu si lazima awe baba ao mama yake! Wanaendelea hivyo mpaka mtoto anafika karibu miezi 3.

Tatu, kujifunza. Nguchiro akipata yai ana njia mbili: kulishika na kulipasua kwa meno, ao kulirusha nyuma, kati ya miguu, lipige jiwe. Wataalamu waliwapa mayai ya plastiki yenye chakula ndani, na matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Mtoto aliyeona mkubwa wake akiuma, naye aliuma. Aliyeona mkubwa wake akirusha, naye alirusha, hata miezi mingi baadaye, wakati anatembea peke yake.

Tusiseme nguchiro ni malaika. Kundi moja likikutana na jirani wanapigana vikali, na wanaua hata watoto wa wenzao. Lakini ndani ya kundi, mdogo haachwi ajifundishe peke yake.

Kwa hiyo, jiwe likiua mkubwa mmoja, labda kuna mtoto amepoteza mwalimu wake. Na wadudu wengi wanaowachimbua wanatoka katika udongo wa shamba letu wenyewe. Shida ya mayai ina dawa nyingine. Nguchiro wanatembea mchana, si usiku. Basi tuokote mayai mara mbili kwa siku, na viota vya kuku tuviinue juu, mbali na ardhi.

Wenye kutaka kuwatazama wasimame mbali, wanyamaze. Hakuna kuwatupia mabaki ya chakula, wala kushika mtoto, hata akionekana amepotea. Meno yao yanaweza kuleta kichaa cha mbwa.

Na sisi wa mwaka wa sita, tukumbuke kwamba wadogo wa mwaka wa kwanza wanatazama namna tunavyofanya kazi. Wataifanya hivyo hivyo wakati sisi tumekwisha kuondoka.

Wiki hii watoto wa nguchiro wako 7. Kila zamu ya bustani iwahesabu asubuhi na kuandika katika daftari.