Bomba Likikauka, Upige Hodi Wapi?

Mwongozo wa madaraka na wajibu kwa mtumiaji wa huduma katika mikoa ya Shinyanga na Geita

Maji yanayofika kwenye bomba la mkazi wa Manispaa ya Shinyanga yametoka mbali. Huchotwa katika Ziwa Victoria, kwenye chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, husafishwa huko huko, kisha husukumwa kwa pampu na kusafiri ndani ya mabomba makubwa kuelekea Kahama na Shinyanga. Kabla ya mradi huo kuanza kutoa huduma mwaka 2009, mji wa Shinyanga ulitegemea zaidi bwawa la Ning'hwa, katika nchi kame ambayo mvua zake hazina uhakika.

Katika safari hiyo maji hupita mikononi mwa taasisi zaidi ya moja, na hapo ndipo ugumu wa mtumiaji unapoanzia. Bomba linapokauka wiki nzima, au bili inapokuja maradufu ilhali matumizi hayakuongezeka, mtumiaji humwendea kiongozi aliye karibu naye. Mwenyekiti wa mtaa humwelekeza kwa diwani. Diwani huahidi kulifikisha jambo kwenye kikao. Mwingine humshauri asubiri ziara ya Mkuu wa Wilaya. Mwezi hupita, wa pili hupita, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Lalamiko la namna hiyo linapotufikia huwa limekwisha kuchakaa: risiti zimepotea, tarehe zimesahauliwa, na usomaji wa dira wa siku ya tukio hauwezi tena kuthibitishwa. Mtumiaji alikuwa na haki, lakini aliipeleka kwenye mlango usiohusika.

Makala haya yanaeleza nani ana madaraka gani na nani anawajibika kwa lipi, ili mtumiaji aanzie penye jibu.

Madaraka yamegawanywaje

Ibara ya 8 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inawatambua wananchi kuwa msingi wa mamlaka yote, na inaitaka Serikali iwajibike kwao. Ili madaraka hayo yasikusanyike mahali pamoja, yamegawanywa: Bunge hutunga sheria na kuisimamia Serikali, Serikali hutekeleza, na Mahakama hutoa haki.

Ndani ya Serikali yenyewe kuna safu mbili ambazo wananchi wengi huzichanganya. Safu ya kwanza ni ya Serikali Kuu, inayoanzia kwa Rais na mawaziri wake na kushuka hadi kwa Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya na Katibu Tarafa. Safu ya pili ni ya Serikali za Mitaa, ambazo Ibara ya 145 na ya 146 zinaziweka kwa madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Humo wamo madiwani na wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, ambao huchaguliwa, pamoja na wakurugenzi wa halmashauri na watendaji wa kata, vijiji na mitaa, ambao huteuliwa au huajiriwa.

Mfano wa Kahama unalidhihirisha jambo hili. Wilaya ya Kahama ina Mkuu wa Wilaya mmoja, lakini ndani yake zimo halmashauri 3: Manispaa ya Kahama, Msalala na Ushetu. Kila moja ina mkurugenzi wake, madiwani wake na bajeti yake. Mkazi wa Ushetu anayepeleka shauri la zahanati yake katika ofisi za Manispaa kwa kuwa zipo mjini atarudishwa, na nauli yake itakuwa imepotea.

Pembeni mwa safu hizo mbili zipo taasisi zilizoundwa kwa sheria mahususi ili zitoe au zisimamie huduma fulani: mamlaka za maji, Shirika la Umeme (TANESCO), Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), Tume ya Madini, na wadhibiti kama Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Kiongozi wa mkoa au wa wilaya anaweza kuwaita watendaji wa taasisi hizi, kuwahoji na kuwahimiza, lakini hawezi kupanga bei zao. Akitamka mkutanoni kwamba bei ya maji ishuke, tamko hilo linaweza kuharakisha mazungumzo, ila bili ya mwezi unaofuata itaandikwa kwa bei iliyoidhinishwa kisheria. Mtumiaji anayeacha kulipa kwa kulitegemea tamko anaweza kujikuta amekatiwa huduma.

Maswali matatu ya kujiuliza

Kabla ya kutoka nyumbani na lalamiko lako, jiulize maswali matatu. Nani huamua jambo hili? Nani hulitekeleza? Nani humsimamia anayelitekeleza? Mara nyingi majibu huwa ni ofisi tatu tofauti.

Tuanze na maji ya mjini. Mamlaka ya Majisafi ya Kahama na Shinyanga (KASHWASA) huzalisha maji Ihelele na kuyauza kwa jumla. Mamlaka ya Shinyanga (SHUWASA) na ile ya Kahama (KUWASA) huyanunua na kuyasambaza kwa wateja. Wewe mteja una mkataba na mamlaka ya mji wako, na hiyo ndiyo yenye wajibu wa kukujibu, hata kama hitilafu imetokea katika bomba kuu nje ya mji. Haifai mteja kuambiwa aende Ihelele. Bei haipangwi na mamlaka hizo peke yake: huwasilisha maombi EWURA, wananchi na wadau huitwa kutoa maoni katika mkutano wa taftishi, kisha uamuzi hutolewa. Sera na uwekezaji mkubwa ni wajibu wa Wizara ya Maji.

Maji ya kijijini yana njia yake, na hapa ndipo wengi hupotea. Hadi mwaka 2019 mhandisi wa maji wa wilaya alikuwa chini ya mkurugenzi wa halmashauri, hivyo ilikuwa sahihi kumpelekea diwani habari ya kisima kibovu. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019 ilianzisha RUWASA, na wajibu huo ukahamia kwa wakala huo ulio chini ya Wizara ya Maji. Uendeshaji wa kila siku wa skimu, yaani kukusanya fedha, kumlipa mlinzi wa pampu na kufanya matengenezo madogo, uko mikononi mwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho wanakijiji wenyewe ni sehemu yake. Kwa hiyo pampu ikiharibika Kishapu au Nyang'hwale, anza na viongozi wa chombo hicho. Wakishindwa, nenda kwa meneja wa RUWASA wa wilaya. Diwani anaweza kukusemea, na ni vema akusemee, lakini fedha za pampu hiyo hazimo tena katika kasha la halmashauri yake.

Mafuta ya petroli na dizeli nayo yana mpangilio wake. Mwendesha bodaboda wa Katoro anaweza kudhani kuwa mwenye kituo hujipangia bei apendavyo, au kwamba halmashauri ina neno katika jambo hilo. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya kikomo cha eneo lake, lakini hakiruhusiwi kukizidi. Bei ya Geita hutofautiana na ya Dar es Salaam kwa kuwa gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini huhesabiwa ndani yake. Dai risiti kila unaponunua, kwa maana bila risiti ni vigumu kuthibitisha kwamba ulitozwa zaidi.

Dhahabu ni yetu, mbona huduma hatuna?

Swali hili huulizwa sana katika ukanda wa madini, na linastahili jibu la wazi. Kisheria madini ni mali ya umma, na Tume ya Madini ndiyo itoayo leseni na kusimamia shughuli za uchimbaji. Mwenyekiti wa kijiji hana madaraka ya kutoa leseni ya madini wala ya kuifuta. Anayekuuzia "kibali cha kuchimba" kwa muhuri wa kijiji anakuuzia karatasi. Aidha, leseni ya madini si hati ya ardhi. Mwenye ardhi halali ana haki ya kulipwa fidia anapopisha uchimbaji.

Fedha zinazotokana na madini hupita njia mbalimbali. Mrabaha hulipwa Serikali Kuu. Ushuru wa huduma hulipwa halmashauri. Tena, kwa mujibu wa Sheria ya Madini iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2017, mwenye leseni hupaswa kuandaa mpango wa mwaka wa kuchangia maendeleo ya jamii, na mpango huo hukubaliwa pamoja na halmashauri husika. Halmashauri ndiyo yenye wajibu wa kuandaa mwongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaeleza wananchi.

Hivyo basi, mkazi wa karibu na mgodi wa Geita au wa Bulyanhulu anayetaka kujua kwa nini mwaka huu limejengwa darasa na halikuchimbwa kisima, asiishie kwenye lango la mgodi. Amuulize diwani wake: ni miradi ipi iliyoorodheshwa, nani aliipendekeza, na imefikia wapi? Mikutano ya baraza la madiwani huwa wazi kwa wananchi kuhudhuria na kusikiliza. Katika kijiji, mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi ndicho chombo chenye mamlaka ya juu, na hapo mapato na matumizi hupaswa kusomwa. Kijiji kisichodai mkutano huo kimeacha madaraka yake barazani, yakaokotwe na apitaye.

Kwa mchimbaji mdogo anayeuza dhahabu yake, Tume ya Madini husimamia masoko ya madini, likiwamo la Geita lililofunguliwa Machi 2019, na Wakala wa Vipimo huhakiki mizani. Ukiona mashaka katika mzani, dai uhakikiwe kabla hujapokea malipo.

Mipaka yetu wenyewe

Sisi tulio upande wa udhibiti tuna wajibu wa kusema pia tusiyoyaweza. Mdhibiti hatandazi mabomba, hasimiki nguzo, wala hapangi bajeti ya Serikali. Anachoweza ni kuidhinisha bei, kukagua ubora wa huduma, kusikiliza mlalamikaji na mlalamikiwa kwa usawa, na kutoa amri au adhabu kwa mtoa huduma aliyekiuka sheria. Nasi pia tunasimamiwa. Usiporidhika na uamuzi wa EWURA, unaweza kukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Lipo vilevile Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC), lenye kamati mikoani, ambalo kazi yake ni kumtetea mtumiaji na kumsaidia kuandaa lalamiko.

Namna ya kudai jibu

Kwanza, peleka lalamiko kwa mtoa huduma mwenyewe. Mdhibiti atakuuliza kama ulianzia huko.

Pili, andika. Taja jina lako, namba ya akaunti au ya mita, tarehe ya tukio, na jambo moja unaloomba lifanyike. Ambatisha nakala za bili na risiti, nakala halisi ubaki nazo. Usiyejua kuandika, mwombe mtu unayemwamini akuandikie, kisha akusomee kabla ya kutia dole gumba.

Tatu, omba nakala ya barua yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio utakaothibitisha baadaye kwamba ofisi ilijua na haikujibu.

Nne, usipojibiwa au usiporidhika, peleka nakala hiyo kwa mdhibiti au kwa EWURA CCC.

Tano, mweleze diwani na mwenyekiti wako. Hawatabadili bili yako, lakini wao ni wawakilishi. Wakikusanya malalamiko ya kaya 40 za mtaa mmoja, uzito wake huwa mwingine.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika huduma za umma manahodha hawana budi kuwa wengi, kwa kuwa chombo chenyewe ni kikubwa. Mtumiaji anayemjua mwenye usukani wa jambo lake, na mwenye barua iliyopigwa muhuri mkononi, hawezi kuambiwa tena kwamba mhusika ni mwingine.