Mawimbi Mafupi au Masafa Mafupi?

Idhaa za Kiswahili za nchi za nje si jambo geni kwetu. London ilianza mwaka 1957, na Deutsche Welle, chombo kigharimiwacho na serikali ya Ujerumani, ilifuata mwaka 1963. Mara nyingi twaambiwa kuwa matangazo ya namna hii hurushwa kwa “masafa mafupi”. Istilahi hii yafaa kuchunguzwa, kwani mtu aliyeko Katonga, kwenye mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, ataielewa kinyume cha mambo yalivyo.

“Masafa” ni neno la Kiarabu lenye maana ya umbali, na Waswahili hulitumia vivyo hivyo: safari ya masafa marefu ni ya mbali, na mbio za masafa mafupi huisha upesi. Basi mvuvi akisikia redio ya masafa mafupi atadhani ni kituo cha Kigoma mjini. Kumbe ndiyo itokayo mbali kuliko zote!

Kilicho kifupi ni wimbi, yaani nafasi toka kilele hata kilele. Mawimbi ya FM huenda takriban moja kwa moja, na vilima huyazuia. Yale mafupi hupanda hata kwenye tabaka la anga lenye chembe za umeme, nalo huyapinda yakarudi ardhini. Yale ya mita 49, yaani kama kilohezi 6,000, hufika mbali usiku, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao. Mchana hutakiwa mafupi zaidi, kama ya mita 19. Tena mawimbi hayo yaweza kumruka aliye karibu. Kituo cha Deutsche Welle cha Kigali, kilichofanya kazi toka 1965 hata 2015, kilikuwa kiasi cha kilomita 330 tu kutoka Katonga, umbali ambao baadhi ya mawimbi huuvuka bila kutua.

Wako watakaojibu kuwa “masafa” sasa yamepata maana ya idadi ya mitetemo kwa sekunde, kama katika “masafa ya FM”. Na iwe hivyo. Lakini idadi haiwi fupi. Huwa kubwa au ndogo, na wimbi likiwa fupi mitetemo huwa mingi. Waarabu wenyewe, tulioazima neno kwao, husema “mauja”, yaani wimbi, wanapoitaja redio hii.

Wala hili si suala la watunga kamusi peke yao. Idhaa inapotangaza kuwa yaacha “masafa mafupi”, msikilizaji wa Katonga atajuaje kwamba anayenyamaza ni yule aliyemfikia kutoka ng’ambo bila mtambo wa kupokezana? Twapendekeza “mawimbi mafupi”, na “masafa” yabaki na “ya juu” au “ya chini”. Wimbi fupi na wimbi refu, kila mwenye mtumbwi ameyaona.