Kubembeleza, kudekeza, kuharibu

Watoto wetu wanaosoma Kiingereza hukutana na maneno mengi ya kumfuatisha mtu anavyotaka. Yanafanana, lakini hayana uzito mmoja.

La kwanza, pamper, tunalijua kutokana na Pampers tunazowafunga watoto, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1961. Zamani neno hilo lilikuwa kumshindilia mtu chakula; leo ni kumdekeza kwa upendo.

La pili, coddle, ni la jikoni pia: kupika yai polepole katika maji yasiyochemka. Ndiye mtoto anayelindwa mno, asiguse ndoo wala ufagio.

La tatu, humour, ni kumkubalia mtu ili roho yake itulie. Bibi anaposimulia habari ileile mara ya tano, tunaitikia. Hapo hakuna ubaya.

La nne ni spoil. Chakula kikiharibika, Waingereza husema neno hilohilo, na Wafaransa vilevile husema gâter kwa chakula na kwa mtoto. Anayelia sokoni na kununuliwa mandazi kila mara hujifunza kwamba kilio ni pesa.

Basi mama, kabla ya kukubali, jiulize: ninambembeleza au ninamharibu? Kumpa anachohitaji ni kumlea. Kumpa kila anacholilia ni kumharibu. Na nyumba nzima ishike neno moja, maana mtoto aliyenyimwa na mama hukimbilia kwa bibi.