Nafasi ya Diski: Kipimo cha Kutajwa Kabla ya Kazi

Katika maduka ya kompyuta ya Upanga na Kariakoo jijini Dar es Salaam, kazi iitwayo "kupiga Windows", yaani kuufuta mfumo endeshi uliopo na kuweka mwingine upya, hufanywa kwenye kompyuta mpakato nyingi zilizokwishatumika ng'ambo, na kufanikiwa kwake hutegemea kama diski, ambayo ndiyo ghala la programu na mafaili yote, ina nafasi ya kutosha. Programu ya usakinishaji, ile inayouweka mfumo ndani ya kompyuta, ndiyo yenye wajibu wa kulisema jambo hilo, nayo mara nyingi hulisema nusunusu.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, huhitaji diski ya gigabaiti 64, kwa kifupi GB 64. Mnunuzi mwenye diski iliyoandikwa GB 64 huona vipimo vimelingana, lakini kwenye skrini diski hiyohiyo husomeka GB 59.6, naye akadhani amepunjwa. Hakupunjwa: kiwanda huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni 1, ilhali Windows huhesabu baiti 1,073,741,824 na kuziita kwa jina lilelile, kama muuza mchele na mnunuzi wanaotaja kibaba kimoja huku kila mmoja ameshika kopo lake. Isitoshe, GB 64 ni ukubwa wa diski nzima, wala si nafasi iliyo tupu. Mfumo ukishakaa huhitaji pia nafasi ya masasisho, yaani marekebisho yanayoletwa kwa intaneti, na ndiyo maana tangu mwaka 2019 Windows 10 iliyowekwa upya ilianza kujitengea takriban GB 7.

Kasoro hii ya kutotaja nafasi kikamilifu haiwapati wanunuzi wa mtumba peke yao. Mwanzoni mwa 2021 ilibainika kwamba kisakinishi cha macOS Big Sur, mfumo wa kompyuta za Apple uliohitaji GB 35.5 zilizo wazi hata kwa kompyuta zenye matoleo ya karibuni, kiliweza kuanza kazi bila kuhakiki nafasi, kikakwama katikati, na mwenye kompyuta akashindwa kusonga mbele wala kurudi nyuma, hadi Apple ilipokirekebisha Februari mwaka huo.

Tatizo zito zaidi liko kwenye lugha. Windows inayo sura ya Kiswahili, lakini hiyo ni nyongeza inayowekwa baada ya mfumo kukamilika, kwa hiyo ukurasa wa hatari kuliko yote, ule unaoorodhesha vigawanyo, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa, pamoja na kitufe cha kuvifuta, husomwa kwa lugha ya kigeni. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muhimbili ambaye rasimu ya tasnifu yake imo katika kigawanyo kimojawapo, kutoelewa neno moja kunatosha kumpotezea kazi ya miaka. Istilahi si kisingizio, kwani mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwishatoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi, kwa Kiswahili mwaka 2004.

Watengenezaji wanapaswa kutaja, kwenye ukurasa wa kwanza na kwa Kiswahili, nafasi inayohitajika, iliyopo, itakayobaki na kitakachofutwa. Hadi watakapofanya hivyo, mwenye kompyuta asimruhusu fundi kubonyeza kitufe chochote cha kufuta kabla mafaili yake hayajanakiliwa kwenye flashi na kufunguliwa mbele ya macho yake.