Bustani za Lausitz: bwana aliyepanda miti, na binti aliyelala mbali na kwao

Wako watu ambao wakisikia jina la Ujerumani hufikiri viwanda, moshi na magari tu. Leo twendeni pamoja upande wa mashariki wa nchi ile, katika eneo la mashamba, misitu ya misonobari na vijiji vidogo, liitwalo Lausitz. Mgeni akitoka Berlin kwa treni na kuelekea kusini mashariki, hufika mji wa Cottbus. Kutoka hapo ardhi ni tambarare, na mchanga wake hauna rutuba nyingi. Wenyeji wa zamani wa huko ni Wasorbi, taifa dogo lenye lugha yake, iliyo jamaa ya lugha za Wapolandi na Wacheki. Hata leo, katika vijiji vingi, majina ya mahali huandikwa kwa lugha mbili, Kijerumani na Kisorbi.

Nchi hiyo ina mambo ya namna mbili yanayostahili kutazamwa: kazi ya maumbile na kazi ya mikono ya watu. Tena lina kaburi moja ambalo sisi watu wa Afrika hatuwezi kulipita bila kusimama.

Barafu iliyokunja nchi

Zamani sana, zaidi ya miaka 300,000 iliyopita, barafu kubwa ilishuka kutoka Skandinavia ikafunika nchi za kaskazini ya Ulaya. Unene wake ulikuwa mamia ya mita. Barafu hiyo haikukaa kimya. Ilisogea polepole, ikisukuma kila kilichokuwa mbele yake. Mmekwisha kuona mkeka unaosukumwa kwa mguu, jinsi unavyojikunja na kufanya vilima vidogo? Hivyo ndivyo ardhi ya Lausitz ilivyofanywa. Matabaka ya mchanga, ya udongo wa mfinyanzi na ya makaa, yaliyokuwa yamelala sawasawa, yalikunjwa na kusimamishwa wima.

Mikunjo hiyo haikufutika. Ukiitazama kutoka juu, ina umbo la kwato la farasi, na mji mdogo wa Bad Muskau umo ndani yake. Wajerumani huiita Muskauer Faltenbogen, yaani upinde wa mikunjo wa Muskau. Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya hifadhi za dunia zinazolinda historia ya miamba na ardhi. Upande mmoja uko Ujerumani, upande wa pili uko Poland.

Kwa kuwa makaa yaliinuliwa karibu na uso wa nchi, watu wa karne ya 19 walianza kuyachimba bila taabu kubwa. Machimbo yalipoachwa, maji yaliingia mashimoni, na leo kuna vijiziwa vingi msituni. Kimoja kina rangi ya kijani, kingine cha kahawia, kingine cha wekundu wa kutu. Sababu yake ni madini ya chuma na chumvi nyingine zilizoyeyuka majini. Mtembezi hustaajabia uzuri wake, kumbe anatazama kovu la jeraha.

Nje ya upinde huo machimbo yalikuwa makubwa zaidi. Katika karne ya 20 mitambo mikubwa mno ilifukua nchi nzima ili kupata makaa ya kahawia ya kuendeshea vinu vya umeme. Zaidi ya vijiji 100, vizima au sehemu zake, viliondolewa, na vingi vilikuwa vya Wasorbi. Watu walihamishwa na nyumba zao zikabomolewa. Hata makaburi yalihamishwa. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2020 imeamuru kwamba umeme wa makaa ukome kabla ya mwaka 2038 kwisha. Umeme uliwapa watu kazi na mwanga, wala hatuna ruhusa ya kuusahau mkate ambao wachimbaji waliwaletea watoto wao. Lakini kijiji kilichofukuliwa hakirudi tena.

Hata hivyo, watu wa huko hawakukata tamaa. Karibu na kijiji cha Nochten, mitambo ilikuwa ikifukua mawe makubwa ambayo barafu ile ya kale iliyabeba kutoka Skandinavia. Badala ya kuyatupa, watu waliyapanga juu ya ardhi iliyokwisha kuchimbwa, wakapanda kati yake maua na vichaka vya kila namna. Bustani hiyo ya mawe ilifunguliwa mwaka 2003, na mawe yake ni 7,000 hivi. Mahali palipokuwa pameharibika pamekuwa mahali pa kuwapeleka watoto kutembea.

Bustani isiyo na ukuta

Sasa turudi Muskau. Mwaka 1811 kijana mmoja wa ukoo mkubwa, Hermann von Pückler, alirithi mji huo pamoja na mashamba na misitu yake. Mwaka 1822 alipewa cheo cha prinsi. Alikuwa mtu wa safari nyingi na wa madeni mengi. Uingereza alikuwa ameona bustani zisizofuata mistari na pembe, bali zilizofanana na nchi yenyewe: majani, mto, kundi la miti hapa, uwanda mtupu pale. Akatamani kufanya vivyo hivyo kwao, penye mchanga mkavu.

Mwezi wa Mei 1815 aliwatolea wenyeji wa Muskau tangazo, akiwaomba wamwuzie mashamba yao ya kando ya mto Neisse. Ndipo kazi ilipoanza. Wafanyakazi walichimba mkondo mpya wa maji, wakatengeneza maziwa, wakaleta udongo mzuri, wakahamisha hata miti iliyokwisha kukomaa. Pückler hakupenda kukusanya mimea ya ajabu kutoka ng'ambo. Alichagua hasa miti iliyozoea nchi ile. Njia za bustani hazinyooki. Humzungusha mgeni taratibu, na kila penye kona humfunulia jambo jipya: daraja, kilima, au nyumba kubwa ya prinsi ikionekana mbali kupitia uwazi wa miti. Mwaka 1834 alitoa kitabu kinachoeleza ufundi huo, na wataalamu wa bustani wanakisoma hata sasa.

Bustani hiyo ilimla mali yake yote. Yeye na mkewe Lucie walitalikiana mwaka 1826 kwa mapatano, ili aende Uingereza kutafuta mke tajiri wa kulipa madeni! Hakumpata. Akarudi kuishi na Lucie yuleyule, na barua alizokuwa amemwandikia kutoka safarini zikatolewa kuwa kitabu, zikamletea fedha nyingi. Msomaji ataamua mwenyewe kama acheke au asikitike.

Mahabuba

Lakini jambo linalofuata si la kucheka. Mwaka 1837, alipokuwa akisafiri katika nchi za Misri na Sudan, Pückler alimnunua msichana mtumwa. Alikuwa mtoto wa Waoromo, wa pande za Ethiopia, aliyenyang'anywa jamaa zake. Watu walimwita Machbuba. Sisi tusemao Kiswahili hatuhitaji mkalimani: ni neno lilelile la Kiarabu tulilo nalo sisi, mahabuba, yaani mpendwa. Jina zuri, ila alipewa na watu waliomnunua. Wataalamu wanadhani kwamba jina lake la kwao lilikuwa Bilillee.

Alisafiri pamoja na bwana huyo kwa miaka kadhaa, hata akafika Ulaya. Baridi na kifua kikuu vilimdhoofisha. Katika mwaka 1840 alifikishwa Muskau, na tarehe 27 Oktoba ya mwaka uleule akafa, akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Prinsi hakuwapo; alikuwa Berlin kwa Lucie. Inasemekana alihuzunika sana aliporudi. Twaweza kuiamini huzuni yake, lakini huzuni haifuti bei iliyolipwa sokoni. Mtu aliyejua kuuhamisha mti mkubwa bila kuukata mizizi hakuona kwamba mtoto naye ana mizizi.

Kaburi lake lipo Bad Muskau hata leo, na wageni hulizuru. Baba na mama msomao haya, mfikirieni mama yake, ambaye hakuambiwa kamwe binti yake amelala wapi.

Mto uliokuwa mpaka

Mwaka 1845 madeni yalimshinda Pückler, akaiuza Muskau. Wenyeji wapya waliitunza bustani, mpaka vita vya pili vya dunia vilipofika. Mwaka 1945 nyumba kubwa iliungua moto, na madaraja yakavunjika. Vita vilipokwisha, mto Neisse ulifanywa mpaka kati ya Ujerumani na Poland. Bustani moja ikawa ya nchi mbili: theluthi moja huku, theluthi mbili kule. Upande wa Poland njia zilimezwa na msitu, na watu wa kando mbili walitazamana bila kuvuka.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa nchi zote mbili walianza kufanya kazi pamoja. Walikata vichaka, wakazitafuta njia za zamani, wakapanda tena. Mwaka 2003 daraja juu ya mto lilisimama upya, na mwaka 2004 UNESCO iliitangaza bustani nzima kuwa urithi wa dunia, kwa maombi ya Poland na Ujerumani kwa pamoja. Nyumba iliyoungua nayo imejengwa tena. Mataifa yaliyomwaga damu yalikutana kwanza katika kazi ya kupogoa miti. Je, si fundisho kwa majirani wanaogombana?

Piramidi za udongo na daraja la duara

Pückler alikuwa na umri wa miaka 60 alipohamia Branitz, karibu na Cottbus, kwenye shamba la wazee wake. Palikuwa tambarare tupu. Wengine katika umri huo hupumzika. Yeye alianza bustani ya pili. Alichimba maziwa, na kwa udongo uliotoka humo akajenga vilima na piramidi mbili, kama alivyoziona Misri, lakini zilizofunikwa na majani mabichi. Moja imesimama katikati ya maji. Alipokufa mwaka 1871 alizikwa ndani yake, na baadaye mabaki ya Lucie yakaletwa hapo pia.

Karibu na Muskau, katika kijiji cha Kromlau, bwana mwingine wa karne ya 19 alipanda vichaka vya maua vinavyochanua mwezi wa Mei na wa Juni, akajenga daraja la mawe lenye tao la nusu duara. Maji yakitulia, kivuli cha tao hukamilisha duara zima. Watu huliita daraja la shetani, lakini ni kazi ya waashi. Ni marufuku kulipita, lisije likabomoka. Mgeni aweza kufika Kromlau kwa treni ndogo ya msituni, ambayo njia yake ina upana wa milimita 600 tu. Ilianza mwaka 1895 kwa kubeba makaa na magogo, na leo hubeba familia zinazotembea.

Basi, wasomaji, safari yetu imekwisha. Miti aliyoipanda Pückler ilikuwa michanga alipoondoka Muskau. Kivuli chake wamekipata wajukuu wa watu asiowajua. Apandaye mti huwapandia wengine, na hata maskini mwenye kiwanja kidogo aweza kufanya hivyo. Nanyi siku moja mkifika Muskau, tembeeni chini ya miti ile, msifuni aliyeipanda kwa kadiri anavyostahili. Kisha nendeni kwenye kaburi la yule msichana, mkamwamkie kwa jina la kwao.