Je, Wajua? Mlimani, Uzito Hula Nguvu za Farasi

Je, wajua kuwa injini isiyosukumiwa hewa kwa tabo ikifika Gitega, Burundi, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake, na Muyinga, palipoinuka zaidi, hupoteza zaidi? Hewa nyepesi huwezi kuibadili. Unachoweza kupunguza ni kilo, ndiyo maana anayetafuta gari la spoti la barabarani na la siku za mashindano aanze na mizani kabla ya kuulizia farasi. Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989, haifiki kilo 1,000. Ikifungiwa breki mteremkoni kwa mwendo uleule na gari la kilo 1,500, pedi zake hupokea joto pungufu kwa theluthi moja. Utasema tabo ni dawa. Ni dawa ya injini, si ya breki wala matairi. Utasema jepesi halihimili mashimo. Gari la chini mno litakwaruza tumbo, kweli, lakini kosa hapo ni kimo, si wepesi: katika Safari Rally ya 1979, mbio za magari za Kenya kwenye barabara mbovu, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiendesha Datsun 160J ya lita 2, aliitangulia Mercedes 450 SLC, nzito, ya lita 5.