Peugeot Zilizotia Fora, Zikipimwa Kutoka Eldoret

Kampuni ya Peugeot imevunja rekodi Le Mans, Indianapolis, katika jangwa la Sahara na kwenye mlima wa Colorado. Hapa nazipanga upya kwa kipimo cha Eldoret. Mji huu uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, hata injini isiyo na tabochaja hupungukiwa na takribani moja ya tano ya nguvu iliyo nayo Mombasa, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Anayekwenda Nairobi lazima kwanza aupande mwinuko wa Timboroa, karibu mita 2,700. Anayekwenda Kabarnet atashuka kona za Tambach hadi Bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 chini ya mji wa Iten, kisha aanze kupanda upande wa pili. Mzigo wenyewe ni mahindi, ngano, maziwa na watu. Kwa kipimo hicho, gari la kwanza katika orodha yangu ni pikapu.

Ni pikapu ya 404, na naipa taji la Peugeot iliyofanya kazi nyingi kuliko zote. 404 ilizinduliwa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Ufaransa iliacha kuunda saluni yake mwaka 1975, lakini Kenya iliendelea kuziunganisha 404 hadi 1991, miaka 16 baada ya Wafaransa kuiaga. Zaidi ya milioni 2.8 ziliundwa duniani, na sijui ni wapi pengine zilipotumikishwa kama zilivyotumikishwa huku. Alfajiri pikapu ilipeleka mikebe ya maziwa kwenye kiwanda cha KCC. Mchana ilirudi na mbolea, jioni ikabeba wazee waliotoka mnadani pamoja na kondoo wao.

Sifa zake hazikuwa za bahati. Ekseli ya nyuma ya 404 ilizungushwa kwa skrubu ya chuma iliyoingiana na gurudumu la meno la shaba nyeusi, mtambo mzito kuuunda lakini mgumu kuuvunja. Feni yake ilijitenga na injini wakati wa baridi na kujiunga ilipopata joto, jambo lenye maana kubwa katika mji ambao asubuhi ya Julai watu huota moto, na saa chache baadaye gari linapanda mlima likiwa limejaa hadi juu. Injini ililazwa ubavu, hivyo fundi akifungua boneti aliona kila alichohitaji kukishika. Gari lililoharibika Moiben au Ziwa liliweza kutengenezwa hukohuko kwa spana chache na subira.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zifanye kazi bila leseni zilizokuwa zikizibana, na pikapu za 404 zikapata maisha ya pili. Mafundi wa bodi walizijengea vibanda vya mabati nyuma, wakapanga mabenchi mawili yanayotazamana, na makanga akasimama nje juu ya bampa akiwa ameshika bomba la paa. Magoti yaligongana na mizigo ikakaa mapajani. Raha haikuwapo, na usalama ulikuwa mdogo kuliko tulivyotaka kukiri wakati ule, lakini vijiji vingi vya Uasin Gishu na Nandi vilifikiwa na usafiri wa kila siku kwa mara ya kwanza kwa sababu ya gari hilo.

Ufaransa wenyewe wanaikumbuka 404 kwa jambo jingine. Mwezi Juni 1965, katika uwanja wa Montlhéry karibu na Paris, walichukua 404 ya dizeli, wakaacha kiti kimoja, wakaizungusha mchana na usiku kwa zaidi ya kilomita 11,000 kwa wastani unaozidi kilomita 160 kwa saa. Ilikusanya rekodi 40. Lengo lilikuwa kuuonyesha ulimwengu kwamba dizeli si injini ya trekta tu. Ni kazi nzuri, ingawa njia ya Montlhéry ilikuwa ya zege na haikuwa na ng'ombe.

Ushindi uliopatikana kwa taabu kuliko wote ni wa 404 vilevile, na ulipatikana mara mbili. Katika mbio za magari za Safari za mwaka 1963 magari zaidi ya 80 yaliondoka, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, mvua ya Pasaka ikanyesha bila huruma, na safari hii pia yakamaliza saba. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na kando yake Paddy Cliff akisoma njia, ndani ya 404. Katikati yake, 1966 na 1967, Bert Shankland kutoka Tanzania alishinda na Chris Rothwell, gari likiwa la aina ileile. Hivyo ndani ya miaka sita 404 ilichukua Safari mara nne, tatu kati yake mfululizo.

Wakati ule njia ilivuka mipaka ya nchi za Afrika Mashariki, na magari yalifanana sana na yale yaliyouzwa madukani. Hapo ndipo ninapoona thamani ya ushindi huo kwa mtu wa kawaida. Mkulima aliyesimama kando ya barabara Pasaka, akaona 404 ikitoka kwenye matope huku nyingine zimezama, aliweza kwenda mjini na kununua gari la aina hiyohiyo. Sijui tangazo la biashara lililowahi kusema kweli zaidi ya hapo.

Iliyodumu kuliko zote ni 504. Ilionyeshwa Paris mwaka 1968, ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya la 1969, na ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha Kaduna, Nigeria, mwaka 2006. Hiyo ni miaka 38. Kati ya tarehe hizo iliundwa pia Argentina, na China waliiunda kama pikapu. Kenya tuliacha kuiunganisha karibu mwaka 2004. Jumla yake inazidi milioni 3.7.

Kila soko lilikuwa na 504 yake. Ufaransa waliijua kama saluni ya daktari na ya mwenye duka, yenye springi laini na magurudumu huru nyuma. Huku saluni hiyo ilikuwa ya mwalimu mkuu, ya afisa wa wilaya, ya mkulima aliyevuna vizuri. Lakini iliyoujenga mkoa huu ni dada yake mrefu. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma katika saluni ulikuwa sentimita 274. Katika gari la familia ulikuwa 290. Nyuma wakaweka ekseli nzima badala ya magurudumu huru, na springi nne za koili, mbili kila upande. Juu yake zikakaa safu tatu za viti, zote zikitazama mbele. Ndizo zilizoitwa Peugeot tu, bila namba, kwenye stendi za Eldoret, Nakuru, Kitale na Kisumu. Ziliondoka zikijaa, nauli yake ikazidi ya basi, na abiria alilipa bila kunung'unika kwa sababu kilomita 310 za kwenda Nairobi zilikwisha kabla ya ofisi kufungwa.

Pikapu ya 504 ilikuja mwaka 1979 na kubeba zaidi ya tani moja kwa idhini ya kiwanda. Gunia la mahindi la kilo 90 likizidishwa mara kumi na mbili ni kilo 1,080, na mzigo wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida kwake. Alichoongeza mwenye gari juu ya hapo ni mashauri yake na polisi wa barabarani.

Ghali kuliko zote ni 504 nyeupe ya 1977 iliyokuwa ya Mahmoud Ahmadinejad, rais wa Iran wakati huo. Aliipiga mnada mwaka 2011 ili fedha ziende kwenye nyumba za wenye shida, ikanunuliwa kwa dola milioni 2.5. Kwa bei hiyo ungeweza kununua kila 504 iliyobaki kaskazini mwa Bonde la Ufa.

Ya kasi kuliko zote nimeiweka hapa kwa sababu ya injini yake. Mwaka 1988, katika mbio za saa 24 za Le Mans, Roger Dorchy aliliendesha gari la WM P88 kwenye barabara iliyonyooka ya Mulsanne kwa kilomita 405 kwa saa. Rekodi hiyo haijavunjwa pale, na haitavunjwa kwa urahisi, kwani baadaye barabara yenyewe iliwekewa vipunguza mwendo. Kasi halisi iliyopimwa ilikuwa juu kidogo, lakini ikatangazwa 405 kwa kuwa ndilo jina la saluni mpya ambayo Peugeot walitaka kuiuza. Injini ya P88 ilitoka katika ukoo wa silinda sita ambao Peugeot, Renault na Volvo waliubuni pamoja miaka ya 1970. Injini ya ukoo huohuo, bila tabochaja, ndiyo iliyomfikisha Jean-Pierre Nicolas kwenye ushindi wa Safari mwaka 1978, akiwa katika 504 ya milango miwili.

Iliyopanda mlima kwa haraka zaidi ni 208 T16. Sébastien Loeb aliipandisha Pikes Peak, Colorado, mwaka 2013 kwa dakika 8 na sekunde 13, kilomita 20 zinazoanzia karibu mita 2,860 na kuishia 4,300. Kwa mtu wa Iten, hapo pa kuanzia si mbali sana na pale anapokimbilia kila asubuhi. Rekodi hiyo ilisimama miaka mitano hadi gari la umeme la Volkswagen lilipoivunja.

Sasa nifike kwenye rekodi inayonigusa zaidi: Peugeot kali kuliko zote hazikuwahi kushinda Safari. 205 T16 iliipa kampuni ubingwa wa dunia wa mwaka 1985 na 1986, ikaja Kenya na majina makubwa ya udereva, ikaondoka bila taji. 206 WRC ilichukua ubingwa wa mwaka 2000, 2001 na 2002, na katika Safari ya 2002 Harri Rovanperä alimaliza wa pili. Ubingwa wa dunia mara tano, Safari kavu. Taji zote sita za Peugeot katika Safari, kuanzia 1963 hadi 1978, zililetwa na 404 na 504, magari yaliyozaliwa kubeba familia. Naamini hilo linaeleza zaidi ya hesabu yoyote kampuni hii ilikuwa bora katika nini. Wahandisi wake walijua kutengeneza gari linalovumilia barabara mbaya likiwa limelemewa, na walijua hilo kuliko karibu mtu mwingine yeyote.

Kisha wakaacha. 505 ya mwaka 1979 ndiyo Peugeot iliyokufa bila mrithi. Gari lake la familia lilikuwa na viti vinane, nguvu ikisukuma magurudumu ya nyuma. Mzigo ukikaa nyuma na njia ikipanda, uzito huhamia magurudumu ya nyuma, na hapo ndipo unapotaka nguvu iwe. 405 na 605 zilizofuata zilivutwa na magurudumu ya mbele. Zilikuwa saluni tulivu na nzuri, 405 ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya la 1988, lakini katika matope ya Kapsowar na abiria wanane hazikuwa na la kufanya. Wakati huohuo magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika kupitia bandari ya Mombasa. Stendi za Eldoret zikajaa Hiace, na baadaye njia za vijijini zikatwaliwa na Probox, gari dogo ambalo Toyota ilianza kuliuza 2002 kwa ajili ya mizigo ya maduka na leo linabeba watu wengi kupita viti vyake.

Hata katika Safari zamu ilihama, na ilihamia kwa mtu aliyeijua Peugeot kwa ndani. Ove Andersson, Mswidi aliyeshinda Safari ya 1975 kwa 504, ndiye aliyeiongoza Toyota Team Europe ilipotwaa Safari ya 1984, 1985 na 1986, kisha ya 1990 na nyingine zilizofuata. Toyota ikarudi na kushinda kila mwaka tangu 2021 hadi 2025. Wa 2022 alikuwa Kalle Rovanperä, mtoto wa yule aliyemaliza wa pili katika Peugeot miaka 20 kabla yake.

Peugeot nayo ilijaribu kurudi. Mwaka 2017 ilitangaza kuunganisha 508 na 3008 katika kiwanda cha Thika. Ni magari mazuri ya mjini, lakini hakuna hata moja kati ya hayo mawili lenye safu ya tatu ya viti wala sehemu ya mizigo iliyo wazi. Linalonivutia mimi ni Landtrek, pikapu waliyoizindua 2020 wakishirikiana na Changan ya China, iliyokusudiwa masoko ya Afrika na Amerika ya Kusini na kutengenezwa kubeba tani moja. Nataka kuiona ikipewa magunia yake ya mahindi pale Iten, iteremke Tambach hadi daraja la Chebloch, igeuzwe, kisha ipande na mzigo uleule bila kusimama.